Kucha la Simba Chini ya Beseni

Jumatatu, 8 Septemba

Tangazo limebandikwa ukutani kwa halmashauri. Nimelisoma mara tatu, mara ya tatu kwa miwani. Wanatafuta picha moja ya majira haya ya maua: mandhari ya asili, pamoja na alama yoyote maarufu ya mkoa wetu. Itakayochaguliwa itafanywa bango kubwa kuliko basi, litundikwe kituo cha mabasi kule mji mkuu, Santiago, na jina la mpiga picha chini yake. Mwisho wa kupokea picha ni tarehe 24.

Baudilio Torrejón. Nimeliandika kwa herufi kubwa nyuma ya risiti. Limekaa vizuri.

Naandika haya ili siku moja ijulikane nani alikuwa mpiga picha wa kweli wa mji huu wa Vallenar.

Jioni dada yangu Ercilia kaja na futi ya kupimia. Studio hii tuliachiwa na baba, nusu yake, nusu yangu. Nusu yake inataka kuwa saluni. Anasema tangu ofisi ya serikali ianze kupiga yenyewe picha za vitambulisho, mtu wa mwisho kuingia kwangu alikuja kuuliza choo kiko wapi. Si kweli kwamba hakuwa mteja. Nilimpiga picha.

Nikamwonyesha lile tangazo. Akalisoma, akakunja futi. Akasema haya basi: picha yangu ikichaguliwa, studio inabaki na hatalizungumza tena. Isipochaguliwa, vioo vya saluni vinaingia tarehe 29. Tukapeana mikono kama watu wanaouziana mbuzi.

Mvua za Juni zilinyesha kwelikweli mwaka huu. Jangwa lote linaanza kuchanua. Kizuizi kimoja tu: Wladimir Olivares.

Jumanne, 9 Septemba

Kuhusu Wladimir, kwa kifupi, maana nikirefusha nitaumwa na tumbo.

Alifanya kazi kwa baba miaka kumi. Sasa ana gari la juu, kofia ya ngozi, na droni inayolia kama nyuki aliyetukanwa. Anawatembeza watu wa Santiago jangwani na kuwaonyesha pa kusimama wapige picha. Baba alipofariki, kamera yake ya Kijerumani alimwachia yeye. Mimi aliniachia taa za studio. Mbili. Moja haiwaki.

Leo nimeanza kazi. Kwenye foleni ya mkate nilimnong'oneza Bi Nolfa, muuza mkate, ambaye mdomo wake hufika Freirina kabla ya redio. Nikamwambia, iwe siri yake na yangu, kwamba maua ya mwaka huu yako bonde la Punda Mfu, upande wa milimani. Kule hakuna ua. Kuna mawe, na matairi ya lori. Wladimir akienda huko na msafara wake, amepoteza siku mbili na petroli, na wageni watamchoka.

Bi Nolfa kaniapia kwa mama yake kwamba hatamwambia mtu. Vizuri sana! Kufikia saa sita atakuwa kamwambia.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeamka, nimefungua redio, nimeifunga. Nimeifungua tena kuhakikisha.

Bonde la Punda Mfu limechanua. Mteremko mzima, zambarau tupu, kutoka chini mpaka kwenye miamba. Hakuna aliyewahi kuliona hivyo. Mgunduzi: Wladimir Olivares. Mtangazaji alipaza sauti kana kwamba timu ya taifa imefunga bao.

Saa nne mwenyewe akaingia studio, vumbi mpaka kwenye nyusi, na chupa ya zeituni za Huasco mkononi. Bi Nolfa alikuwa kamwambia habari imetoka kwangu.

"Kaka Baudi," akasema, "wewe ni mtu wa ajabu. Ungeweza kukaa kimya ukalifaidi peke yako."

Nilisema si kitu. Akanikumbatia! Shati langu jeusi likawa la kahawia.

Zeituni nimezila zote. Zilikuwa nzuri, kwa bahati mbaya.

Jumamosi, 13 Septemba

Zambarau ni rangi ya kila mtu. Mimi nataka nyekundu. Nataka kucha la simba.

Ua hilo halioti popote duniani ila kwenye miamba michache ya pwani yetu, na hata huko si kila mwaka. Anayejua lilipo ni Bi Rumilda Cayo, mfugaji wa mbuzi, anaishi peke yake nyuma ya Carrizal Bajo. Nimeendesha kigari changu saa mbili, pancha moja, nikafika kwake na sukari kilo mbili na majani ya mate, ile chai chungu ya kunywa kwa mrija.

Hakuitazama sukari. Alinitazama mimi. Akaniuliza kama ni mtoto wa Torrejón wa picha. Nikasema ndimi. Akaingia ndani akatoka na picha ya harusi yake, imepigwa na baba, imehifadhiwa kwenye mfuko wa unga. Akasema mtoto wa mtu yule haingii kwake na kutoka bila kitu.

Tukapanda kwa miguu. Ana miaka sabini na tisa na hakusimama hata mara moja. Mimi nilisimama mara nne, nikasingizia kutazama mandhari.

Lipo! Kati ya miamba miwili. Majani manene yanatambaa chini, na katikati tumba moja, kubwa kama ngumi, wekundu umeanza kuchungulia. Bi Rumilda alisema hilo moja ana miaka saba hajaliona. Alionyeshwa mahali hapo na mama yake. Yeye hakujaliwa binti, ndiyo maana ananionyesha mimi. Litafunguka baada ya siku tano. Akasema nisiliguse, nisimlete mtu, nisisimame upande linakotokea jua.

"Baba yako alikuwa anakuja," akasema. "Alikuwa anakaa pale kwenye jiwe, kofia mapajani. Yeye na yule kijana wake."

Nikasema mimi sijawahi kufika hapa.

"Si wewe. Yule Wladimir."

Kumbe! Yeye anapajua. Baba alimleta yeye! Bi Rumilda akaendelea kusema kwamba hawakuwahi kupiga picha hata moja, walimuahidi, na kijana yule ameitunza ahadi mpaka leo. Sikuwa nasikiliza tena. Mtu mwenye kamera haendi kwenye ua kama hili kukaa. Anasubiri bango, huyo. Miaka yote hii alikuwa anasubiri bango.

Jumapili, 14 Septemba

Nimerudi mapema, nikapitia upande wa pili ili mbwa wa Bi Rumilda wasinisikie. Nimebeba beseni la kufulia. La plastiki, la bluu, ndilo nililokuwa nalo.

Nimelifunika ua. Mawe manne juu ya beseni ili upepo usilibebe. Sasa droni ipite inavyotaka, haioni kitu. Sijaligusa hata jani moja, kwa hiyo ahadi yangu iko palepale. Aliniambia nisiliguse. Hakusema lolote kuhusu kulifunika.

Nikiwa barabarani nilitazama nyuma. Beseni linaonekana kwa mbali kidogo. Kama kilomita tatu.

Jumanne, 16 Septemba

Joto. Ukungu wa baharini haukupanda leo wala jana. Jua kali tangu asubuhi. Safi kabisa, ua litafunguka haraka.

Nimemwona Wladimir dukani akinunua viatu vipya vya kupandia miamba. Nikamuuliza, kwa upole, vya nini. Akasema vya zamani vimetoboka. Jibu lililopangwa! Akaniuliza kama nitakuja kwenye vibanda vya sherehe tarehe 18. Akasema kila mwaka watu wananiulizia. Nani? Hakutaja jina.

Alhamisi, 18 Septemba

Sikukuu ya uhuru. Bendera kwenye kila nyumba, hata yangu, maana kutotundika ni faini. Tiara zimejaa angani, moshi wa nyama umejaa pua. Nimekwenda kwenye vibanda kwa ajili ya sambusa za nyama tu, zile kubwa za kuoka.

Ercilia alicheza na Wladimir ngoma ya leso, raundi tatu, leso juu, watu wanapiga makofi. Baadaye akaja kukaa karibu nami akipepea uso. Akasema baba angefurahi kuwaona. Nikasema baba alikuwa mtu wa kufurahia wageni. Akaikunja leso yake. Kisha akasema baba aliniita kila mwaka jangwa lilipochanua, alisimama mlangoni na kofia kichwani akiniita, na kila mwaka nilijibu nina kazi.

Nilikuwa na kazi! Nani angefungua studio?

Akaniuliza picha imefika wapi. Nikamwambia kesho. Akasema angependa nishinde, kwa kweli angependa, saluni anaweza kuifungulia popote. Nilimtazama usoni kuona kama ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki. Hilo liliniudhi zaidi.

Ijumaa, 19 Septemba

Sijui niandike vipi.

Nilifika saa mbili asubuhi. Kamera, stendi, lenzi zote, brashi ya kufutia vumbi. Mwanga mzuri sana, mwororo, wa pembeni. Nikaondoa mawe. Nikanyanyua beseni.

Harufu kwanza. Kama mboga iliyosahaulika jikoni.

Lilikuwa limefunguka. Lilifunguka humo ndani, gizani, likaiva. Rangi ya chai. Nililigusa shina na kichwa chote kikaanguka mkononi mwangu, chepesi, kama kipande cha mkate uliolowa.

Nikasikia kengele za mbuzi. Bi Rumilda alikuwa amesimama juu ya mwamba, fimbo mkononi. Bila shaka aliliona beseni tangu Jumapili. Nadhani alifikiri ni takataka imepeperushwa na upepo. Aliteremka polepole. Akatazama mkono wangu. Akatazama beseni.

Nikamweleza. Nilisema lilikuwa kwa ajili ya kulilinda, kwamba kuna watu wabaya, kwamba siku hizi kuna droni. Aliniacha niseme yote mpaka nikaishiwa.

"Miaka saba," akasema.

Akakiokota kile kichwa kiganjani mwangu kwa vidole viwili, akakifunga kwenye aproni yake, akaondoka. Mbuzi wakamfuata. Mmoja alirudi akala kamba ya stendi yangu.

Ningependa iandikwe kwamba ukungu nao una lawama. Ungepanda kama kawaida, pasingekuwa na joto.

Jumapili, 21 Septemba

Siku tatu zimebaki. Nimelala kitandani mpaka saa tano nikitazama dari.

Mchana nikaenda makaburini. Siendi mara kwa mara, ila leo nilitaka kumwambia baba maneno mawili. Sikuyasema. Niliona kitu.

Kaburi lake lilikuwa limefagiwa, na kwenye kopo kulikuwa na maua mapya ya plastiki. Mekundu. Mazito, yamefungamana kama ngumi.

Nilizunguka kaburi mara mbili. Hapakuwa na mtu ila mjane mmoja mbali akimwagilia. Ni baba yangu. Kwa hiyo na maua ni yangu, kwa namna fulani. Nimeyaazima.

Jumatatu, 22 Septemba

Huasco, ufukweni, mnara wa taa nyuma. Mandhari ya asili, alama maarufu: masharti yote yametimia. Nilichimba shimo mchangani, nikayapanda, nikayazungushia majani halisi, nikayanyunyizia maji kwa chupa ili yang'ae.

Wakapita mume na mke na mbwa wao. Walinikuta nimepiga magoti mbele ya maua mekundu mchangani. Mume akavua kofia. Mke akanishika bega, akaniuliza kama marehemu alizama zamani au juzi. Nikasema juzi. Wakasimama nami kimya kama dakika tano huku mwanga unaniponyoka!

Lakini nimeipata. Picha themanini na sita, na moja kati yake ni kamili. Nyekundu, bluu, nyeupe ya mnara. Nimeipa jina "Jangwa Lafumba Ngumi". Nilitokwa na machozi kidogo. Nadhani ni chumvi ya bahari.

Jumatano, 24 Septemba

Nimewasilisha. Karani alisema mh! Ni karani wa kike asiyesema mh ovyo.

Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, Olivares ameleta ngapi. Akasema orodha ni siri. Maana yake ameleta nyingi.

Jumamosi, 27 Septemba

Picha zote zilitundikwa ukumbini. Watu wengi, chai, keki, meya amevaa tai. Yangu iliwekwa katikati, na watu wamejazana mbele yake! Nilisimama kando, mikono nyuma, kama ninavyowaona wasanii wakisimama.

Kumbe wamejazana kwa sababu ya mama mmoja mfupi, mwenye kifuko cha miwani shingoni. Mtaalamu wa mimea kutoka La Serena, mmoja wa majaji. Alikuwa amekwisha kuinamia picha muda mrefu. Akauliza mpiga picha ni nani. Nikajitokeza, nikainamisha kichwa.

Akasema amefanya kazi na ua hili miaka ishirini na mbili na hajawahi kuliona mchangani, karibu na maji ya chumvi. Nikasema asili ina maajabu yake. Akasema ni kweli. Kisha akaniomba nimweleze huu mshono unaopita pembeni mwa kila petali. Na hii waya.

Mtu mmoja nyuma akacheka puani. Bi Nolfa alikuwa mstari wa mbele, Mungu anisaidie, na mdomo wake ulikuwa tayari umekwisha kufunguka.

Nikasema labda ni aina mpya.

Hapo ndipo Wladimir alipofika mbele. Aliitazama picha kwa karibu, akavua kofia yake ya ngozi. Nilijiandaa kwa kejeli. Nilitamani kejeli. Akasema polepole, karibu na sikio langu:

"Hayo nilimnunulia mzee, kaka. Niliyapeleka Ijumaa ile, baada ya sikukuu."

Hata kwa sauti hiyo ndogo, Ercilia, aliyekuwa nyuma yetu, alisikia.

Hakupiga kelele. Aliniuliza kama nimeyarudisha. Nikasema bado yako kwenye gari. Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo, akatoka. Wladimir akamfuata. Niliwaona dirishani, dada yangu amebeba yale maua kifuani, mchanga unamdondoka kwenye gauni.

Aliyeshinda ni mwalimu wa shule ya msingi wa Freirina. Kanisa la kwao na mawingu, maua madogo ya njano chini. Picha ya kawaida kabisa! Mstari wa upeo umepinda.

Na Wladimir? Karani sasa aliruhusiwa kusema. Hakuleta hata moja. Alisema hana muda, ana wageni.

Hana muda! Kiburi gani hicho.

Jumatatu, 29 Septemba

Vioo vimeingia. Vitatu. Sasa najiona mara tatu kila ninapopita.

Ercilia ameniachia chumba cha nyuma, kile kisicho na dirisha. Anasema picha za maharusi wakishasukwa ninaweza kuzipiga hapo. Ameongea nami kwa upole tangu asubuhi, kama mtu anavyoongea na mgonjwa. Alipomaliza kupanga viti alisema jambo moja tu analitaka: niende kwa Bi Rumilda nikaombe radhi. Leo au kesho, lakini niende. Nikamuuliza nani alimwambia habari za Bi Rumilda. Akasema Bi Rumilda alishuka mjini kwa lori la maziwa, kesho yake tu baada ya lile beseni, akaenda makaburini kumwambia baba, akamkuta Ercilia akifagia kaburi.

Huyo bibi hana siri hata kidogo.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimekwenda. Mikono mitupu, kwa sababu mara ya kwanza sukari hakuijali.

Alikuwa akikanda jibini nje ya banda. Hakuniambia nikae. Nikasema nililokwenda kusema: samahani, mama. Nililisema vizuri, nilifanya mazoezi njiani. Aliendelea kukanda. Maji meupe yalipita kati ya vidole vyake mpaka kwenye kopo.

Mwishoni akafuta mikono. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akasema ua limekufa lakini mmea haujafa. Kuna mzizi chini, mnene, umelala. Ulikuwa pale enzi za mama yake na utakuwa pale yeye akishazikwa. Mvua zikija vizuri, baada ya miaka saba, minane, litatoka jingine, mahali palepale.

"Njoo wakati huo," akasema. "Usibebe kitu. Njoo ukae kwenye jiwe la baba yako."

Akanikatia kipande cha jibini, akakifunga kwa karatasi, akanipa. Nilisema ahsante. Sauti yangu ilitoka vibaya, na yeye akageuka kuwaita mbuzi ili asinione.

Nimelia njia nzima mpaka barabara kuu, naliandika kwa sababu ni kweli. Nilisimamisha gari kando, nikala lile jibini lote, nikafikiri kwa makini kuliko nilivyowahi kufikiri maishani.

Miaka saba. Nitakuwa na sitini na tano. Wladimir atakuwa na arobaini na tisa, na viatu vile bado vitakuwa vizima.

Lakini mzizi! Mwanamke wa watu hajui alichoniambia. Mzizi unaweza kuchimbwa. Uani nyuma ya saluni kuna jua, kuna bomba la maji, na kuna ukuta wa mita mbili. Hakuna mbuzi. Hakuna droni. Nikiumwagilia kila siku hauna sababu ya kungoja miaka saba.

Nimepitia duka la vifaa vya ujenzi nikanunua sepetu. Nimechukua yenye mpini mrefu, kwa sababu ya mgongo.